Kwenda Nyacheki Kutafuta Jina la Katikati

Safari yangu ya kwanza Nyacheki ililetwa na nafasi moja tupu kwenye fomu. Mwanetu alizaliwa Mombasa, na hospitali ilipotaka majina ya kumpelekea msajili tulikuwa na mawili tu: Elia, tulilolichagua wenyewe mimba ikiwa bado changa, na Momanyi, ambalo ni la baba yake. Palipotakiwa jina la katikati, mume wangu aliniambia tupaache vivyo hivyo. "Hilo si letu kuchagua, Mama Elia. Hilo liko nyumbani." Nyumbani kwao ni Nyacheki, upande wa Bobasi, kusini mwa Kaunti ya Kisii, ambako mpaka wa Narok hauko mbali. Mimi nilikuwa sijakanyaga huko.

Haraka haikuwapo. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inampa mzazi miaka 2 tangu mtoto kuandikishwa kuongeza jina au kulibadilisha. Ukiuacha muda huo upite, ndipo unapoingia katika mambo ya mawakili, viapo na matangazo ya Gazeti Rasmi. Lakini kuambiwa kwamba jina la mwanangu liko mahali fulani, kana kwamba ni kitu kilichowekwa kabatini, kulinikera kidogo. Nikaanza kuandika orodha yangu.

Niliipanga kwa sikio. Jina Elia ni fupi, halina konsonanti nzito, na linaishia kwa irabu iliyo wazi. Ukiliwekea jina linaloanza kwa O, na majina ya wanaume wa Kigusii yanayoanza kwa O ni tele, irabu mbili zinagongana na moja inamezwa. Omwenga, Ombati, Osoro, yote yaliingia kwenye tatizo hilo. Yanayoanza kwa M au N yalikaa vizuri zaidi: Elia Mogaka, Elia Nyakundi, Elia Morara. Hata hivyo nililolipenda kupita yote lilikuwa Onyancha, pamoja na mgongano wake, kwa sababu limetokana na maji makuu, ziwa, na mimi ni mtoto wa bahari. Mume wangu aliisoma orodha, akatabasamu, akanirudishia bila neno.

Tulipanda treni ya usiku hadi Nairobi, kisha matatu ya Kisii. Njia inateremka Mai Mahiu, inavuka bonde hadi Narok, halafu inapanda kupitia Bomet na Sotik. Tulipotoka Narok, mama mmoja aliyekuwa akishukia Bomet alimpokea Elia mapajani ili nipumzike, akauliza jina lake. Nikamwambia la kwanza tunalo, la pili ndilo tunaloliendea. Akauliza swali ambalo kwetu Pwani nisingeulizwa: "Alizaliwa saa ngapi?" Kwao Wakipsigis, kama kwa Wakalenjin wengine, saa yenyewe inaweza kumaliza kazi. Mtoto wa kiume akizaliwa mchana ni Kibet. Akija na mvua ni Kiprop. Akija jioni mbuzi wanaporudi zizini ni Kiprono. Nikamwambia alizaliwa mchana wa jua kali. "Basi tayari ni Kibet," akasema, akamwita Kibet hadi aliposhuka.

Maneno yake yalinifanya niyatazame upya majina ninayoyasikia kila siku. Mkenya akitaja majina yake matatu, la kwanza hukueleza kanisa au msikiti wa wazazi wake, au mtu gani mashuhuri aliyevuma mwaka aliozaliwa. Kwetu Pwani, kwa Waislamu, la katikati halina mjadala: ni la baba, na baada yake la babu. Bara ndiko jina la katikati linakobeba saa, mvua, njaa au marehemu. Sikuwa nimewahi kulifikiri hivyo, maana mimi ni wa Frere Town, na nitaeleza baadaye kwa nini sisi tuko kando katika jambo hili.

Keroka ndipo nilipojua tumefika Gusii. Soko limetanda pande zote mbili za barabara, Kisii huku na Nyamira kule, na ndizi zimepangwa chini kwa mikungu. Kisha vilima. Sikuwa nimeona mahali ambapo hakuna ardhi iliyolala bure kiasi hicho: chai, mahindi, migomba, mikaratusi, nyumba, halafu chai tena, hadi kileleni. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba, na ukitazama kupitia dirisha la gari huhitaji kuambiwa. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Nilishuka nikiwa nimejifunga leso mbili juu ya sweta, na bado meno yaligongana. Hapo tukabanana ndani ya Probox, abiria wawili kiti cha mbele pamoja na dereva, tukaelekea Nyacheki huku mvua ya alasiri ikianza.

Mama mkwe alitupokea kwenye lango la boma. Alinisalimu mimi kwanza kwa Kigusii, nikajibu nilivyofunzwa, kisha akamchukua mtoto. Hakumwangalia usoni haraka. Alimfunua miguu, akavihesabu vidole, akaukunjua mkono wa kulia na kuukagua kiganjani kama mtu anayekagua mbegu kabla ya kupanda. Ndipo akacheka, akasema neno ambalo wifi yangu alinifasiria papo hapo: "Anasema mume wake amerudi."

Nilikuwa nimeshaonywa kuhusu utani huo. Kwa Wagusii, wazazi na watoto wamewekewa mipaka ya heshima inayoitwa chinsoni, lakini babu na wajukuu wako huru kutaniana wapendavyo. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, naye akikua humjibu kwa utani uleule. Chinsoni zenyewe niliziona jioni hiyo. Baba mdogo wa mume wangu, mwalimu mstaafu, alifika kutusalimu akasimama chini ya upenu wa nyumba tuliyopewa, mvua ikimchuruzikia kofiani. Hakuingia. Kwa daraja yeye ni baba wa mume wangu, na nyumba anamolala mwana na mkewe si ya baba kuingia. Hakunipa mkono pia. Tulisalimiana yeye akiwa nje nami nikiwa mlangoni, kwa upole mkubwa, kisha sote tukahamia nyumba ya mama mkwe.

Nililishwa chinsaga. Ni mboga ambayo Waswahili wengi huiita mgagani, chungu kweli, na hapa huchemshwa muda mrefu, ikatiwa maziwa, ikaachwa ilale ndipo ipashwe moto. Mzazi hupewa ili arudishe damu. Nilikula na obokima bwa wimbi, ugali mwekundu usiomhurumia mtu wa wali, na uchungu ulipozoeleka mdomoni nikaomba tena. Nadhani hilo lilinisaidia kuliko maneno yoyote niliyosema usiku ule.

Baada ya chai, mume wangu akaniambia nisome orodha yangu. Nikaisoma.

Mama mkwe alisikiliza kwa makini, na kwa kila jina aliuliza swali moja: "Huyo ni nani?" Mogaka ni nani? Sikujua. Nyakundi? Yuko jirani, akasema, mtu mwema, ana wajukuu wake wa kumrithi. Morara? Hapa hayupo. Nilipofika Onyancha alinyamaza kidogo, kisha akasema Onyancha anamjua, ni baba yake mzazi, lakini huyo ni wa kwao alikozaliwa na zamu yake ingali mbali. Mtoto wa kwanza hutoka upande wa baba. Wa pili ndiye wa upande wa mama.

Binamu mmoja wa kidato cha tatu alipendekeza Ryan, akanyamazishwa kwa jicho. Shemeji yangu mdogo akaleta Otenyo. Hilo lilinigusa, kwa kuwa Otenyo Nyamaterere ndiye aliyemchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote, Januari 1908, baada ya Moraa, yule mama mganga na mtabiri, kuwahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Elia Otenyo! Nabii na shujaa, nikasema. Mwalimu akakubali kwamba linavutia. "Lakini Otenyo alikuwa mtu wa Kitutu," akasema. "Sisi ni Bobasi. Wajukuu wake wapo. Ukimpa mtoto wetu jina hilo utakuwa umepamba karatasi tu."

Hapo nikauliza lililonisumbua tangu mwanzo. Kama mume wangu anaitwa Momanyi, marehemu baba yake aliitwa nani, na mbona jina hilo halimo kwenye kitambulisho cha mume wangu? Mwalimu alifurahi kupata swali la darasani. Akanipa mfano wa watu maarufu. Simeon Nyachae, aliyekuwa waziri na mtu mkubwa katika siasa za Gusii hadi alipofariki 2021, alikuwa mwana wa Chifu Musa Nyandusi. Nyandusi halimo katika Simeon Nyachae. Watu wa zama zile walipata jina la kanisa, kwa sababu Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu 1911 na Wasabato wakajenga Nyanchwa mwaka uliofuata. Kisha wakapata jina lao la Kigusii, ambalo mara nyingi lilikuwa la marehemu fulani. Yalitosha hayo mawili. La baba halikuburutwa nyuma, kwa kuwa kila mtu kijijini alimjua baba yako. Lakini mwana wa Nyachae, wakili Charles, ni Charles Nyachae. Kizazi kimoja tu, na jina la baba limekuwa la ukoo kwa mtindo wa Kizungu. "Kwa hiyo serikali imetuachia nafasi moja," Mwalimu akasema, "ile ya katikati. Marehemu wote wamesukumwa humo."

Na marehemu wa nyumba hii aliitwa Nyang'au.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa nilivyoshtuka. Kwetu nyang'au ni tusi. Ni mlafi, katili, mtu asiye na huruma. Wanasiasa hulirushiana majukwaani. Nilimwona Elia wangu katika shule ya Kisauni, mwalimu akisoma majina, darasa zima likiangua kicheko. Nikalisema hilo wazi, kwa heshima niliyoweza, huku wifi akifasiri. Sikuficha.

Mama mkwe hakukasirika. Akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, "Hata hapa ni fisi." Enyang'au ni fisi, na hakuna mzazi aliyewahi kutaka mtoto afanane naye. Kisha akanisimulia. Kabla ya mumewe, mama yake alikuwa amezika watoto, mmoja baada ya mwingine. Alipozaliwa huyu, wanawake waliomzalisha walimtoa nje wakamlaza kando ya njia, akaokotwa na mpita njia ambaye si wa ukoo, akarudishwa kwa mama yake kama mtoto wa kuokota. Wakampa jina la mnyama anayefukuzwa na kila mtu. Kifo kikija kuuliza kuna mtoto gani humu, kiambiwe hamna mtoto, kuna fisi. Kikapita. Akaishi hadi akawa mzee, akapanda chai yote iliyo nyuma ya nyumba.

Mwalimu akaongeza kuwa si wao pekee. Wajaluo wana Owiti, aliyetupwa. Wakikuyu wana Kariuki, aliyefufuka. "Na nyinyi Waswahili hamna kina Mashaka na kina Tabu?" Tunao, nikakiri, na kwetu hakuna anayewacheka.

Kisha mama mkwe akauliza swali ambalo nadhani alilifikiria tangu nilipoingia langoni. Mtoto wa pili ni wa upande wangu. Je, babu zangu ni akina nani, ili nao wakae tayari?

Watu wa Frere Town hatupendi swali hilo. Mtaa wetu ulianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, uwe makazi ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ukapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyefika Zanzibar 1873 kumshinikiza Sultan Barghash afunge biashara hiyo. Kengele ya wamisionari hao ingaliko, na ndiyo iliyofanya pale paitwe Kengeleni. Wazee wetu walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine ambao hakuna aliyewaandika. Waliobatizwa walipewa majina mapya. Mmoja wao, Myao aliyesomea Nasik huko India na kuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, aliishi Mombasa hadi 1935 akiitwa Matthew Wellington, yaani majina mawili ya Kiingereza na hakuna la kwao. Wapo waliobahatika: ukoo wa Mbotela ulishika jina lake, ndiyo maana taifa zima lilimjua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kwa majina matatu yenye la kwao ndani yake. Kwetu sisi, ukipanda kutoka kwangu unafika kwa Thomas, aliyebatizwa na wamisionari, na hapo ngazi inakatika. Aliitwa nani na mama yake? Hakuna anayejua.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatukuiacha, tulinyang'anywa. Nilipowaeleza hivyo, chumba kilitulia, kisha mama mkwe akasema jambo ambalo wifi alilifasiri mara mbili ili nilipate sawasawa: Thomas ni mtu, anafaa. Mtoto wa pili atamchukua. Jina halitafutiwi uzuri, linatafutiwa mwenyewe.

Orodha yangu ilikufa pale. Nyakundi na Morara yalikuwa mazuri kwa sababu yalikuwa sauti tupu kwangu; hakuna aliyekuwa ndani yake. Nyang'au alikuwa mtu mzima mwenye chai yake, mjane wake, na mama aliyemlaza njiani ili amwokoe. Baada ya kuishi na pengo la Thomas maisha yangu yote, ningekataaje jina lenye mwenyewe kwa kuogopa kicheko cha watoto?

Lakini lilibaki suala la kulinganisha, na hapo mama mkwe alinigeuzia meza. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, alisimama juu ya shamba ambalo linateremka hadi kijito, akaniambia nishuke na mtoto mgongoni hadi kwenye migomba. Kisha akaita. Hakuita Elia. Aliita "Nyang'au!" akiivuta ile au ya mwisho, na sauti ikanifikia chini pasipo kupungua. Halafu akaita yote mawili, mara hii na mara ile, akibadilisha mkazo. Niliporudi juu nikihema akanipa hukumu: la kwanza linafaa. Ni fupi, halimzuii mwenzake. Wifi akaniambia hukumu isingekuwa hivyo kwa jina refu. Kuna mtoto wa jirani aliyepewa jina la kwanza la silabi tano na hakuna mzee anayelitamka, kwa hiyo hapa halipo.

Ndipo nilipoona kwamba mpangilio wa fomu unadanganya. Elia litatumiwa shuleni, kanisani na ofisini. Katika boma hili, na katika kila nyumba ya ndugu zake, ataitwa Nyang'au. Jina linaloandikwa katikati ndilo linaloitwa kwanza; lile la mwanzo ni mgeni anayekaribishwa kando yake. Mimi nilikuwa nikimtafutia mgeni mwenyeji, wakati mwenyeji alikuwapo kabla ya mtoto kuzaliwa. Na nilimwona pia mama mkwe akifaidi kitu ambacho hakukitaja. Miaka yote ya ndoa alimwita mumewe Baba fulani, kwa jina la kifungua mimba wao. Sasa alikuwa akilitamka jina lake waziwazi, tena kwa kupaza sauti.

Sabato ile mtoto aliwekwa wakfu kanisani, kwa kuwa Wasabato hawabatizi wachanga. Mchungaji alitaja Elia mara moja na kuendelea na sala. Nje, akina mama walimpokezana wakimwita lile jingine, na kila mmoja alikuwa na kisa cha mzee: alivyodai kahawa yake iwe nyeusi, alivyokataa kuuza kipande cha shamba kando ya barabara.

Mwalimu alitusindikiza hadi tulipopanda gari, akatupa agizo moja la kiofisi. Tuhakikishe ng' inaandikwa kwa alama yake ya juu. Wako wengi ambao vitambulisho vyao vimeandikwa Nyangau na vyeti vya shule Nyang'au, na siku ya kutafuta kazi wanajikuta wakiapa mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni mmoja. Mombasa nililiangalia hilo kwa macho mawili. Karani aliandika, nikamwomba anisomee, nikamwomba tena anionyeshe.

Majirani Kisauni hucheka, kama nilivyotarajia. "Nyang'au? Malaika huyu?" Nami huwasimulia habari za mtoto aliyelazwa kando ya njia huko Bobasi, na mara nyingi nikimaliza, anayenisikiliza huanza kuniambia habari za jina lake mwenyewe. Wa pili, Mungu akitujalia na akiwa wa kiume, atamchukua Thomas wa Frere Town. La kwanza la kuandamana na Thomas sijalifikiria, na sina haraka. Safari hii nimeanzia katikati.